Jifya

Tumeteremka Nyari kabla jua halijashika makali,
mimi na Thoya, mwana wa dada yangu,
yeye na kandambili za buluu, mimi na akala za marehemu baba,
chupa moja ya maji, na futi ya fundi mfukoni.
Kila mwaka masika yakiisha huja Marafa kupima:
toka nguzo ya choo mpaka ukingoni.
Mwaka jana hatua thelathini na nne.
Mwaka huu sijahesabu. Nimesema tushuke kwanza.

Njia yenyewe fupi, nusu saa kushuka na kuzunguka,
nusu saa kupanda, ukiwa na pumzi.
Hatua ya kwanza mchanga mwekundu unaokimbia chini ya kisigino,
kisha mweupe, kama unga uliosahaulika kinuni,
kisha ukanda wa rangi ya embe lililoiva likapitiliza,
na minara.
Minara isiyo na mwadhini,
iliyovaa vikofia vya changarawe,
mmoja umeinama kama mwenye kusengenya,
mmoja una kiuno,
mmoja hauna hata shingo, na bado umesimama.
Nikauegemea huo.
Ukanibakia kiganjani, vumbi.
“Usiguse, mjomba,” akasema Thoya, “utatuangusha.”
Alisema utatuangusha. Hakusema utauangusha.
Nikaondoa mkono.

Watu husimulia kwamba hapa aliishi tajiri aliyeoga maziwa,
Mungu akaghadhibika, mji ukadidimia:
weupe huu ndio maziwa, wekundu huu damu.
Sawa.
Sisi tulioga maji ya lambo, kata moja watoto watatu,
mbona ukingo unatufuata sisi?

Wageni nao wana jina lao.
Hushuka kwenye magari jua likizama, kamera shingoni,
wanapaita Jiko la Jehanamu.
Zamani nilikuwa nakasirika.

Mwaka wa Elnino, usiku wa manane,
tulisikia kitu kama mzee anayekohoa mara moja tu.
Asubuhi jiko la hawe halikuwepo.
Makuti, kinu, chungu na mchicha wa jana ndani yake,
vyote vimekwenda chini bila kuaga.
Hawe alisimama pale mlango ulipokuwa,
akafunga leso vizuri, akasema:
“Afadhali nilikuwa nimeshakula.”

Chini kabisa, maji ya mvua yalipochimba mfereji,
Thoya akachuchumaa.
Hapa kila kitu hupukutika ukikitazama sana,
lakini yeye alishika jiwe, nalo likakataa.
Gumu. Si la hapa.
Akaligeuza: upande mmoja mweusi,
weusi ambao mvua za miaka yote ile hazikuuweza.
“Limeungua,” akasema.
Nikakaa chini mchangani, na suruali yangu ya kazini.
Kumbe kweli ni jiko.

Tukafukua kwa mikono, kwa vijiti, kwa kifuniko cha chupa.
Mbuzi wa watu walitutazama toka juu kama mahakimu.
Hatukupata kingine ila kigae kidogo,
nacho huenda si chetu.

Kupanda, tulipokezana.
Thoya alilifunga kwenye fulana yake, akapanda tumbo wazi,
kila kona akisimama, si kwa kuchoka, asema,
ila kuangalia minara kama ingali wima.
Jua lilikuwa limefika, bonde zima likawaka rangi ya kaa,
na midomo yetu ilikuwa na chumvi.

Ukingoni nikahesabu. Thelathini na moja.
Nikahesabu tena, nikafupisha hatua kidogo,
ikatoka thelathini na mbili. Nikaandika ile ya kwanza.

Mama alikuwa anapeta mahindi.
Tukaliweka mbele yake, hatukusema neno.
Akatia mate kidole, akasugua ule weusi, akanusa.
Ungo ukakaa kimya mapajani.
Nikajua neno linalokuja, maana tumelelewa nalo,
jifya moja haliinjiki chungu.
Lakini hakulisema.
Aliuliza tu, kama mtu aliyetuma watoto dukani:
“Na mengine mawili?”

Thoya alikwisha inuka, anajaza chupa.